Mtoto akidhurika kwa korosho: dawa ya kwanza ni ipi?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Newala. Mwanangu ana miaka sita na uzito wa kilo 20. Msimu uliopita alikula korosho chache za kukaanga alizopewa na wenzake. Hata mchezo haujaisha alianza kukohoa, akatapika, midomo ikavimba na mabaka yakamtoka mwili mzima. Jirani alimnywesha maziwa, mimi nikampa Piriton, kisha tukapanda bodaboda mshikaki, mtoto katikati, hadi zahanati, mwendo wa dakika 25. Pale alichomwa haidrokotisoni na Piriton ya sindano, akapata nafuu, tukaruhusiwa muda huohuo. Usiku mabaka yalirudi, ingawa asubuhi aliamka mzima. Je, tulifanya sawasawa? Na yakitokea tena, niwe na dawa gani nyumbani?

Jibu: Marahaba, Mwalimu, na pole kwa masaibu hayo. Nianze na jambo lenyewe. Alichokipata mwanao ni mshtuko wa mzio, ambao sisi wa tiba tunauita anafilaksia, na dawa yake ya kwanza, iwe Newala, iwe London, ni moja tu: sindano ya adrenalini inayochomwa kwenye msuli wa paja, mapema kadiri inavyowezekana. Kwa maelezo yako, dawa hiyo hakuipata. Alipewa maziwa, Piriton na haidrokotisoni, akapona. Na kwa kuwa alipona, ni rahisi kuamini kwamba hivyo ndivyo vilivyomponya. Mimi siamini hivyo, na sehemu kubwa ya jibu hili nitaitumia kueleza sababu, kwa maana imani hiyo ndiyo itakayoamua mkono wako utakimbilia kitu gani siku nyingine.

Mtu mwenye mzio wa korosho huwa ana kingamwili za aina ya IgE ambazo mwili wake umekwisha kuzitengeneza dhidi ya protini za korosho. Kingamwili hizo zimejishikiza kwenye seli maalumu, ziitwazo seli za masti, zilizotapakaa kwenye ngozi, kwenye njia ya hewa, tumboni na kandokando ya mishipa ya damu. Protini ya korosho ikizifikia, seli hizo humwaga kwa mkupuo histamini na kemikali nyingine nyingi. Mishipa midogo ya damu hulegea na kuvujisha maji, ndipo midomo inapovimba na mabaka kutoka. Misuli ya njia ya hewa hubana, ndipo kikohozi na mluzi wa kifua vinapoanza. Tumbo nalo hujikunja na kutapisha. Mambo yanayoua ni mawili: njia ya hewa kuziba, na presha ya damu kushuka mpaka moyo ukakosa damu ya kusukuma.

Adrenalini huyakabili yote hayo kwa pamoja. Hubana mishipa iliyolegea na kupandisha presha, hupunguza uvimbe wa koo, hufungua kifua, huupa moyo nguvu, na juu ya hayo huzituliza seli zenyewe zisiendelee kumwaga kemikali. Piriton haina uwezo huo. Kazi yake ni kuizuia histamini peke yake isifike mahali inapofanyia kazi, na histamini ni moja tu kati ya kemikali zilizomwagwa. Kidonge chake huchukua nusu saa au zaidi kuanza kufanya kazi, tena kwa mtoto ambaye ndiyo kwanza ametapika hatuna uhakika kama kimebaki tumboni. Itapunguza kuwashwa na mabaka, lakini haitafungua koo wala kupandisha presha. Haidrokotisoni na ndugu yake deksamethasoni huchukua saa kadhaa kabla ya kuonyesha faida, na haijathibitika kwamba zinazuia mshtuko usirudi baadaye. Maziwa hayana kazi yoyote katika jambo hili. Zaidi yanaweza kumpalia mtoto anayetapika au aliyeanza kulegea. Mkaa wa kusaga, asali, majani na kumtia mtoto kidole ili atapike ni vya kuacha kabisa.

Utauliza, basi alipona kwa nini? Mwili nao una adrenalini yake, inayotoka katika tezi zilizo juu ya figo, na mara nyingi hiyo ndiyo inayouokoa. Mishtuko mingi hupita hivyo, na dawa yoyote iliyotolewa kabla haijapita hupewa sifa. Tatizo ni kwamba hakuna ajuaye mapema ni mshtuko upi utapita na upi utaua. Uliotangulia kuwa mwepesi si dhamana kwa unaofuata. Uchunguzi wa vifo vya anafilaksia uliochapishwa Uingereza mwaka 2000 ulionyesha kwamba kwa waliouawa na chakula, muda wa kati kutoka kukigusa chakula hadi moyo au pumzi kusimama ulikuwa dakika 30. Ukihesabu dakika 25 za bodaboda, kisha ukaongeza muda wa maziwa, wa kutafuta Piriton na wa kumwita dereva, utaona kwamba mlifika mkiwa karibu mmekwisha kupitisha muda ambao dawa ilihitajika zaidi.

Kuhusu korosho nina neno la ziada, kwa sababu huku kwetu Mtwara na Lindi, ambako korosho ni fedha, ni kitoweo na ni mchezo wa watoto, wengi hawaihesabu kuwa chakula cha hatari. Mwaka 2007 madaktari wa Uingereza walilinganisha watoto 141 wenye mzio, baadhi wa korosho na wengine wa karanga, na wakakuta kwamba mishtuko ya korosho ndiyo iliyokuwa mikali zaidi, hasa kwa kubana kifua na kuathiri moyo na mzunguko wa damu. Kukaanga hakusaidii. Protini zinazohusika zinastahimili moto, hivyo korosho ya kukaanga, ya kuchemshwa kwenye mchuzi au iliyosagwa ndani ya kashata ni ileile.

Sasa namna ya kuutambua mshtuko. Watu husubiri mabaka, na hapo ndipo muda unapopotea, kwa kuwa mgonjwa mmoja au wawili katika kila kumi hawatoki mabaka yoyote. Angalia pumzi na fahamu kabla ya ngozi. Sauti iliyokauka ghafla, kukoroma anapovuta hewa, kikohozi kisichokoma, mluzi kifuani, kulegea, kusinzia kusiko kwa kawaida, kupauka, au mtoto mchangamfu aliyenyamaza ghafla: lolote kati ya hayo, likitokea ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula kitu ambacho tayari kinajulikana kumdhuru, linatosha kuchoma adrenalini. Vilevile mabaka au uvimbe ukiambatana na kutapika mfululizo au maumivu makali ya tumbo. Mabaka peke yake, mtoto akiwa anacheza na kupumua vizuri, hapo Piriton inafaa, na anayemtazama asimwache kwa saa kadhaa.

Nadhani sifa kubwa ya Piriton katika pwani yetu imetoka kwa samaki. Jodari au vibua waliokaa juani bila barafu hutengeneza histamini ndani ya nyama yao, na histamini hiyo haiondoki kwa kupikwa. Wanaokula hushikwa uso mwekundu, kichwa kuuma, mabaka na pengine kuhara, na kwa kawaida hushikwa watu kadhaa waliokula sahani moja. Huo si mzio, ni sumu, na kwa kuwa chanzo chake ni histamini tupu, Piriton hufanya kazi vizuri sana. Mtu aliyeponywa hivyo mara mbili mjini Lindi au Kilwa hataona sababu ya kutafuta dawa nyingine siku mwanawe atakapodhurika kwa kamba, kaa au pweza, ambao huweza kuleta anafilaksia halisi. Dalili ya kutofautisha ni hiyo: akishikwa mmoja kati ya wote waliokula, fikiria mzio, na ukiwa na shaka huku pumzi inabana, choma adrenalini kwanza, ubishi uje baadaye.

Nije kwenye sindano yenyewe, na hapa naomba uwe na subira kwa sababu mambo madogo ndiyo yanayoharibu. Adrenalini ya kuchoma kwenye msuli ni ile yenye miligramu 1 katika mililita 1, na huja katika ampuli ndogo ya kioo. Dozi ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Mwanao wa kilo 20 anastahili miligramu 0.2, yaani mililita 0.2, mtoto wa kilo 10 mililita 0.1, mtoto wa kilo 30 na kuendelea mililita 0.3, mtu mzima mililita 0.5. Mwongozo wa Uingereza hutumia umri badala ya mzani: mililita 0.15 kutoka miezi 6 hadi miaka 6, mililita 0.3 kutoka miaka 6 hadi 12, na 0.5 kwa wanaozidi hapo. Utaona kwamba kwa mtoto wa umri na uzito wa mwanao vipimo hivi viwili havilingani. Tofauti hiyo haina madhara. Adrenalini ya msulini inavumilika vizuri katika kiwango hicho, na kinachodhuru ni kuchelewa.

Bomba linalofaa ni la mililita 1. Likikosekana, lichukuliwe la mililita 2, ambalo kwa kawaida kila mstari wake mdogo ni mililita 0.1, hivyo dozi ya mwanao ni mistari miwili. Bomba la mililita 5 lisitumike, kwa kuwa mstari wake mmoja ni mililita 0.2 na ukikosea mstari mmoja umekosea dozi nzima. Bomba la insulini nalo limeandikwa kwa yuniti, na sindano yake ni fupi mno kufika msulini. Ampuli ivunjwe shingoni, dawa ivutwe, hewa itolewe, ziada isukumwe nje mpaka ibaki ile inayotakiwa. Kisha sindano iingizwe wima kwenye upande wa nje wa paja, katikati ya nyonga na goti, dawa isukumwe yote, na mahali hapo pasuguliwe kidogo. Saa iandikwe. Kama dakika tano zimepita na hali haijatengemaa, dozi ileile irudiwe kwenye paja la pili.

Kwa nini paja, wakati sindano nyingi tumezoea kuzichoma takoni au begani? Mwaka 1998 watafiti wa Kanada waliwapima watoto wenye historia ya anafilaksia. Kwa waliochomwa kwenye msuli wa paja, adrenalini ilifika kilele chake katika damu baada ya wastani wa dakika 8. Kwa waliochomwa chini ya ngozi ya mkono, dakika 34. Kwa ugonjwa unaoweza kuua ndani ya nusu saa, tofauti hiyo inatosha kumaliza mjadala. Takoni mafuta ni mengi na dawa huchelewa, na bega halifikii paja.

Adrenalini hiyohiyo ya miligramu 1 kwa mililita 1 haisukumwi moja kwa moja kwenye mshipa wa damu wa mtu ambaye moyo wake unapiga, kwa sababu inaweza kuuvuruga moyo vibaya. Hofu ambayo baadhi ya watumishi wa afya wanayo juu ya dawa hii, kwa maoni yangu, inatokana na kuchanganya njia hizi mbili, na matokeo yake ampuli hubaki kwenye trei huku mgonjwa akiongezewa haidrokotisoni. Kwenye msuli, kwa dozi niliyoitaja, hakuna mgonjwa wa anafilaksia anayenyimwa. Si mzee wa presha, si mwenye ugonjwa wa moyo, si mjamzito. Mtoto atatetemeka, moyo utaenda mbio, atapauka na kulalamika kichwa. Hayo ni matendo ya dawa na hupita baada ya muda mfupi.

Sasa mshikaki. Umesema mtoto alikaa katikati, wima, miguu ikining'inia, kwa dakika 25. Katika mshtuko wa mzio mishipa imelegea na damu nyingi hukusanyika miguuni. Mgonjwa akisimamishwa au kukalishwa ghafla, moyo unaweza kukosa damu ya kurudi kwake na kusimama papo hapo. Uchunguzi mwingine wa vifo, uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2003, ulikuta kwamba baadhi ya marehemu walizimia mara tu baada ya kuinuliwa kutoka walipokuwa wamelala. Kwa hiyo mgonjwa alazwe chali, miguu iinuliwe juu ya mto au begi. Anayetapika au asiye na fahamu alazwe ubavu. Mjamzito alale kwa ubavu wa kushoto. Ambaye shida yake kubwa ni kupumua aachwe akae, miguu ikiwa imenyooshwa mbele yake na si kuning'inia. Asiambiwe atembee, hata kwenda chooni, hata akisema amepata nafuu.

Najua kwamba kijijini gari halipatikani kwa kupiga makofi. Bajaji, ambayo kiti chake cha nyuma kinaweza kumlaza mtoto wa miaka sita, ni bora kuliko bodaboda; gari la mizigo lililokuja kuchukua korosho ghalani ni bora zaidi. Pikipiki ikiwa ndiyo pekee iliyopo, kuna njia moja ambayo ningependa muizungumze mapema na zahanati: piga simu kwanza, na pikipiki imlete muuguzi mwenye dawa kwa mtoto, badala ya kumpeleka mtoto kwenye dawa. Kama hilo haliwezekani na dawa haipo nyumbani, basi pandeni, mkimlaza mikononi kadiri inavyowezekana, maana kubaki nyumbani bila adrenalini ni hatari kubwa kuliko barabara.

Zahanatini, baada ya adrenalini na si kabla yake, hufuata mengine. Oksijeni kama ipo. Dripu ya maji ya chumvi kwa haraka, mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo, ambayo kwa mwanao ni mililita 200 hadi 400, kama presha imeshuka au amelegea. Salbutamoli ya kuvuta kama kifua bado kinapiga mluzi. Piriton na haidrokotisoni zinaweza kuja mwisho kabisa, na zisipokuwepo hakuna kilichoharibika. Mgonjwa ambaye dozi mbili za adrenalini hazikumtuliza anahitaji dripu ya adrenalini inayotolewa polepole huku moyo ukifuatiliwa kwa mashine, na hiyo ni kazi ya hospitali. Hospitali ya wilaya ipigiwe simu mapema, na kutoka huko rufaa ya kwenda Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Mtwara, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo iamuliwe na waliomwona. Wanaotumia dawa za presha za kundi la propranololi na atenololi huweza wasiitikie adrenalini vizuri. Wauguzi waambiwe tangu mwanzo, kwa kuwa wao huweza kuhitaji dawa nyingine, glukagoni, ambayo ni ya hospitali kubwa.

Yale mabaka yaliyorudi usiku hayakuwa jambo dogo. Takriban mtu mmoja kati ya 20 hupata wimbi la pili bila kula tena kile kilichomdhuru, mara nyingi ndani ya saa 12, mara chache hata baada ya siku mbili au tatu. Kwa mwanao lilikuja kwa ngozi tu. Lingeweza kuja kwa koo, saa nane ya usiku, na zahanati imefungwa. Ndiyo maana mgonjwa haruhusiwi mara tu anapochangamka. Ningependa aangaliwe kwa saa sita angalau. Na kwa aliyehitaji dozi mbili, mwenye pumu, au anayeishi mbali kama ninyi, alale hapohapo mpaka asubuhi. Ukiambiwa uondoke mapema, omba kwa adabu kubaki kwenye benchi. Utasumbuka usiku mmoja tu.

Sasa dawa ya kuwa nayo nyumbani. Ziko kalamu za adrenalini zilizopimwa tayari, ambazo mzazi huzikandamiza tu kwenye paja na dawa huingia yenyewe. EpiPen iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, na zipo za miligramu 0.15 kwa watoto na 0.3 kwa wakubwa. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha pia adrenalini ya kupulizia puani. Si vitu utakavyovikuta katika duka la dawa muhimu la Newala, na hata anayeagiziwa na ndugu kutoka nje hulipa fedha nyingi kwa kitu kinachokwisha muda baada ya mwaka mmoja au miwili. Ampuli ya kawaida, kwa upande mwingine, ni ya bei nafuu, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na katika orodha ya taifa letu.

Kumpa mzazi ampuli na bomba ni njia inayotumika pale kalamu zisipopatikana, ila haina wepesi unaodhaniwa. Watafiti walewale wa Kanada, mwaka 2001, waliwaomba wazazi wavute dozi ya mtoto mchanga kutoka katika ampuli baada ya kuelekezwa. Wastani wao ulizidi dakika mbili, wakati wauguzi wa dharura walitumia nusu dakika, na dozi walizovuta wazazi zilipishana mno. Tena hao hawakuwa na mtoto anayekoroma mbele yao. Kwa hiyo, Mwalimu, usinunue ampuli ukaiweka kabatini ukidhani umemaliza. Nenda kwa daktari wa hospitali ya wilaya, akuandikie, akuwekee alama ya dozi kwenye bomba kwa wino usiofutika, na ufanye mazoezi ya kuvuta na kuchoma kwa maji mpaka mikono izoee. Daktari anaweza pia kukubali bomba lijazwe dozi kabla na kufunikwa. Dawa iliyovutwa hivyo haidumu, hubadilishwa kila baada ya miezi michache.

Hifadhi ni suala lingine katika joto letu. Adrenalini hutakiwa kukaa chini ya nyuzi joto 25, gizani, bila kugandishwa. Juu ya kabati lililo chini ya bati ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Sakafuni, kwenye chumba chenye kivuli na ndani ya kasha lake, ni afadhali. Ikigeuka rangi ya waridi au kahawia, au ikiweka mashapo, imeharibika. Iliyopita tarehe lakini bado angavu kama maji ibadilishwe, ila siku ya dharura, kama ndiyo pekee iliyopo, ichomwe.

Mzio wa korosho, kwa wengi, hauishi ukubwani, hivyo njia ya kila siku ni kuiepuka. Aepuke na pistachio, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za korosho. Karanga na ufuta ni vya koo nyingine. Kama amekuwa akivila bila shida, msimnyime. Embe ni la ukoo mmoja na mkorosho, lakini wengi wenye mzio wa korosho hula embe bila tatizo. Naulizwa mara nyingi kuhusu mabibo na kubangua. Mafuta meusi ya ganda la korosho, yale yanayobabua vidole vya wabanguaji na midomo ya watoto wanaong'ata korosho mbichi, ni jambo tofauti: ni kemikali inayounguza na kuamsha upele wa ngozi, haihusiani na IgE, na haileti anafilaksia. Mtu aliyebabuliwa mikono ghalani hana sababu ya kuacha kula korosho, na mwanao, hata kama mikono yake haijawahi kubabuka, ana kila sababu. Tunda la bibo lenyewe si korosho, ila kwa mtoto wa umri wake ningemzuia, maana bibo na korosho yake huokotwa pamoja na mikono ni ileile.

Msimjaribu nyumbani kwa kumpa kipande kidogo muone. Kipimo cha ngozi au cha damu kinaweza kuthibitisha, ukipata rufaa, lakini simulizi yako peke yake inatosha kuanza tahadhari leo. Wakubwa wenye mzio nao wajue kwamba pombe, uraka ukiwemo, dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki, na kazi nzito mara baada ya kula huweza kuukuza mshtuko ambao siku nyingine ungekuwa mdogo.

Kabla ya Oktoba, korosho hazijaanza kuanguka, fanya safari moja ya zahanati bila mgonjwa. Mwombe mganga mfawidhi akuonyeshe ampuli ya adrenalini kwenye trei ya dharura na tarehe yake, umuulize nani hupokea simu usiku, na umwachie karatasi yenye jina la mtoto, uzito wake, neno korosho na dozi ya mililita 0.2 kwenye paja. Nakala ya pili ibaki ofisini shuleni kwako, na uzito uandikwe upya kila muhula, kwa kuwa dozi inakua pamoja naye.

Hukueleza kama mwanao ana pumu. Kama anayo, idhibitiwe vizuri mwaka mzima, kwa maana wengi wanaokufa kwa mzio wa chakula ni wenye pumu isiyotulia. Na kama kifua kitambana ghafla baada ya kula, nawe hujui kama ni pumu au korosho, choma adrenalini kwanza, kisha ndipo umpe pampu yake ya salbutamoli. Adrenalini itamsaidia katika hali zote mbili; salbutamoli haitazuia koo kuvimba.